Chupa ya Maji ya Josho

Basi la Muheza likikaribia Tanga, Ernesti, mlinzi wa shamba la mkonge, alikuwa ameipakata chupa yake kama mtoto. Jirani yake, Mzee Turki mwenye minazi Pangani, alimwuliza ni dawa gani.

“Maji ya josho, mzee wangu. Nampelekea shemeji amwoshee mbwa wake. Ng'ombe wa tajiri huogeshwa humo kila wiki, na kupe huwaoni.”

“Mbwa si ng'ombe, mwanangu. Ukimwosha, hujilamba mpaka akauke. Kupe wake hung'olewa kwa mkono, mmoja mmoja, kila jioni.”

“Kwa mwenye nafasi, mzee. Mimi jioni naingia lindo.” Hapo Ernesti alijiona kashinda.

“Nilikuwa na mbwa akinifukuzia ngedere minazini,” Turki alisema taratibu. “Nilimwosha asubuhi kwa maji hayo hayo. Nikamzika mwenyewe.”

Alfajiri Ernesti alikuwa amemwosha Jeuri, mbwa wake, mwenzake wa lindo, akamwacha mlangoni anajilamba.

“Alikaa muda gani?”

“Adhuhuri hakuiona.”

Basi likasimama, watu wakashuka. Ernesti alimwuliza utingo gari la kurudi Muheza linaondoka saa ngapi.

“Saa nane mchana.”