Mstari Uliopita Kibandani

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza ambacho fundi mmoja alikiona kwa dada yake kilikuwa viatu. Dada mtu alifanya kazi ofisini, lakini kila jioni viatu vyake vilirudi na tope.

"Kwani ofisini kwenu mnalima?" mdogo mtu alimtania.

"Ramani haina miguu," dada alijibu. "Nikitaka kujua maji yanapita wapi, lazima nikanyage."

Leo tunamkumbuka dada huyo, afisa mipango miji, aliyefariki wiki iliyopita. Mtaani walimwita Mama Kesho. Ukimwuliza habari za barabara, alikueleza itakavyokuwa wanao wakishazeeka. Mumewe alikuwa akimwambia, "Sawa, mama. Na leo tunakula nini?"

Kazi yake kubwa ilikuwa mpango wa mji wa miaka thelathini. Miaka thelathini, wasikilizaji. Nyumba za ghorofa zijengwe kando ya barabara ya mabasi. Bonde libaki wazi, maji yapate njia, na watoto watakaozaliwa wapate pa kuchezea. Mstari wa bonde ukachorwa. Ukapita katikati ya kibanda cha mdogo wake, fundi cherehani.

Hapo watu wakamkazia macho. Wenye vibanda walisema, "Tutaona kama wa kwao ataguswa." Fundi naye akangoja. Alidhani dada atausogeza mstari kidogo tu. Haukusogea. Asubuhi moja akaja karani, akamsomea notisi ya kuhama kwa sauti ile ile aliyowasomea wengine, akaenda zake.

"Ningekwambia kabla yao, ningekuwa nimekupendelea," dada alimweleza baadaye.

Fundi akaitikia tu, "Haya." Akahamishia cherehani sebuleni. Wateja wakapungua. Yeye na dada yake waliendelea kusalimiana na kupelekeana mboga, lakini mazungumzo yakawa ya juu juu.

Mpango sasa uko mwaka wa kumi na moja. Bonde bado ni majani matupu. Mama Kesho hakuuona mji wake.

Tunampa pole mumewe, na ndugu wote. Nasi tujiulize: tunawaachia nini watu ambao hatutawaona?

Fundi yuko nasi hapa studio. Kuna neno hakuwahi kumwambia dada yake. Analisema sasa.

"Dada, mstari wako ulikuwa sawa. Ningehama siku ile ile. Nilitaka tu uje kuniambia wewe."