Nilimsingizia Pepo

Ahimidiwe Mola, ndugu zangu, ahimidiwe tena! Maulidi tumesoma, halua mmekula, sasa nawaomba msiondoke. Nina neno, na wallahi nikilimeza leo litaniua. Mnanijua nyote: mimi ni Mwanaidi, mke wa Shomari, yule mwenye pepo. Ndivyo ninavyojulikana Bagamoyo nzima. Basi leo nasema mbele ya mama mkwe wangu, Bi Mosi, na mbele ya wifi yangu Zuhura, ambaye mnataka kumpigia ngoma Ijumaa hii: sikuwa na pepo. Sikuwa naye hata siku moja!

Mama, niache niseme. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikimaliza.

Ndugu zangu, nilianza hivi. Nilipomzaa Athumani, tumbo na kiuno havikupoa. Shomari alikuwa bara na msafara, na nyumbani kazi ilikuwa kuosha sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini. Unakaa kitako umeinama tangu asubuhi hadi alasiri. Jirani akanipa afyuni, kidonge kama punje ya mtama. Maumivu yakaisha. Wala si maumivu peke yake. Upweke uliisha, hofu iliisha, hata kelele za mama mkwe nikazisikia tamu. Msicheke! Nikala cha pili, nikala cha tatu. Siku niliyokosa, kamasi zilinichuruzika, miguu iliniuma hadi ndani ya mifupa, nikatapika, nikagaagaa sakafuni kama kuku aliyechinjwa.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Mama aliponiona hali ile hakusema, "Huyu mgonjwa." Alisema, "Huyu kapandwa na pepo." Angesema nini tena? Ndivyo tulivyolelewa. Akaitwa fundi wa pepo kutoka Mapinga, ngoma ikapigwa siku tatu, nikakalishwa kitini, nikafukizwa ubani. Fundi akamwuliza pepo kwa heshima, "Sema, bwana mkubwa, haja yako nini?" Nami, ndugu zangu, masikio yangu yanasikia na akili yangu timamu, nikakoroma kwa sauti ya kiume, "Afyuni!"

Astaghfirullah! Mkapiga vigelegele, nanyi mnakumbuka.

Tangu siku ile chano cha pepo, sinia ya mbao, kikawekwa chumbani mwangu, kina marashi, halua na afyuni yake kila asubuhi. Nani angethubutu kumnyima pepo? Mama mwenyewe aliniletea kwa adabu zote, amepiga magoti. Loo! Jana nilikuwa mlevi wa kujificha, leo nimekuwa kiti, makao ya bwana mkubwa. Nikakonda, nikawa nashinda nimesinzia, maziwa yakakauka kifuani.

Na maziwa yakikauka, mtoto hulia. Athumani alikuwa na miezi minane. Siku hiyo alilia tangu adhuhuri, nami kichwa kinanipasuka. Nikampaka afyuni kidogo ulimini ili alale. Nilifanya kwa kumhurumia, au nilifanya nipate kusinzia mimi? Mpaka leo sijui, wala sitaki mtu anifariji. Alilala. Pumzi ikawa inakwenda, inasimama, inakwenda. Ilipofika magharibi haikwenda tena.

Mkaja matangani mkaniambia, "Pepo kamchukua, haja yake ilicheleweshwa." Nami nikaitikia! Nikalia, nikaitikia, mkaniongezea afyuni chanoni.

Katika waliokuja kuhani msiba alikuwamo shangazi yake Shomari, Bi Mwanasiti wa Fukayosi. Mkulima yule, maneno yake hayana sukari. Alikitazama chano akaguna, "Pepo gani huyu, kila anachotaka kipo dukani?" Tulipobaki wawili akaniuliza, "Mwanangu, unakula tangu lini?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia yote, hata la mtoto. Akanieleza habari za kaka yake. Naye alikula afyuni. Nduguze wakaona ni utovu wa adabu, wakamfungia chumbani bila hata punje. Akatoka yu hoi, wote wakasema kapona. Haukupita mwezi akarudia, akala kipimo chake cha zamani, mwili haukukiweza tena, akafa. "Haya ni maradhi," akasema. "Mwili umefunzwa kutaka. Utafunzwa tena kutotaka, lakini polepole."

Akanichukua Fukayosi. Afyuni niliyokwenda nayo akaiyeyusha katika chupa ya maji, chupa akaifunga kiunoni mwake. Kila asubuhi alinipa kijiko kimoja, kisha akarudisha kijiko cha maji matupu ndani ya chupa. Jicho langu liliiona chupa imejaa siku zote, lakini ulimi ulijua uchungu unapungua. Si kwamba sikuteseka! Nilikosa usingizi, tumbo liliniendesha, nikamtukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Alininywesha uji, akanipa jembe, hakuniacha peke yangu. Kila siku aliniuliza, "Leo hamu imekujia saa ngapi?" Nami nilimjibu bila kuona haya.

Mwezi wa nne tangu nianze dawa yake nikaja mjini harusini, nikala tena. Ndiyo, nikala! Nikarudi Fukayosi nikijua nitafukuzwa. Aliniuliza tu nimekula kiasi gani, akatafuta chupa, akaanza upya. Ndugu zangu, Mola alinikomboa siku ile, siku niliyoanguka nisitupwe. Mwaka wa pili huu sijaonja.

Lakini kile chano mlikiacha chumbani mwangu na afyuni yake, mkiogopa kugusa vitu vya pepo. Zuhura alipoumwa na jino, alijua dawa ilipo. Sasa kamasi zinamtoka, miguu inamuuma, nanyi mnasema kamrithi pepo wangu. Ijumaa fundi atamwuliza haja yake, naye atajibu kama nilivyojibu mimi, na mama atampigia magoti.

Namshukuru Mola kwa pumzi hii. Sitawadanganya kwamba moyo umepona, mwanangu hakurudi. Mama, mjukuu wako hakuchukuliwa na pepo. Alikufa kwa mkono huu. Nilaani, una haki, lakini binti yako usimlishe.

Na wewe mwingine uliyeinamisha uso, usiseme kitu mbele za watu. Nifuate nje, nitakuuliza tangu lini, basi. Mtegemee Mola, na umtafute mtu wa kukushikia chupa.

Zuhura, usimtazame mama. Inuka, funga nguo zako. Shangazi anatungoja Fukayosi. Ijumaa wakitaka kupiga ngoma, na waipige. Mtu wa kumkalisha kitini hawatamkuta.