Njia Aliyoipaka Kijani: Historia ya Marehemu Kalume Ayubu

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, saa tano asubuhi, nilikuwa uani nachuja mawese, chujio mkono mmoja na kopo mkono mwingine, nilipomwona Hakimu, aliyefanya kazi pamoja na marehemu, akija kwa miguu huku akisukuma baiskeli mbili, yake na ya mume wangu, na kabla hajafungua mdomo nikaweka kopo chini, kwa sababu katika miaka ishirini ya ndoa sijawahi kuona baiskeli ya Kalume ikisukumwa na mtu mwingine.

Wazazi, majirani, wachungaji na wageni mliotoka mbali, amahoro. Mimi ni Cibalonza Benedicte, mke wa marehemu, na wakubwa wa familia wameniruhusu niisome historia hii mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyeiandika na mwandiko wangu wa siku hizi tatu hausomeki na mtu mwingine.

Kalume Ayubu alizaliwa tarehe 2 Juni 1978 huko Uvira, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ayubu na mama Evangelina, ambaye yupo hapa mbele yetu, na jinsi alivyofika hapa nitaeleza. Alisoma shule ya msingi Uvira kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, akaingia sekondari, akafika mwaka wa tatu, kisha vita vikafunga shule, na tarehe 20 Agosti 1998 familia ikavuka ziwa na kuhamia Rumonge.

Mwaka 1999 alianza kubeba mawese kwa baiskeli kutoka Kizuka hadi sokoni Rumonge, bidoni nne za lita ishirini kila safari, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili. Wenye kazi hiyo mnajua kwamba wakati wa kupanda mlima mtu hushika nyuma ya lori akavutwa, naye alikuwa fundi wa kushika, jambo lililoninyima usingizi tangu tulipofunga ndoa tarehe 7 Agosti 2004. Mungu alitupa watoto watatu, Keren aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2005, Ayubu aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 2009, na wa mwisho, tarehe 28 Januari 2014, ambaye kwa miezi minne nilidhani ni ugonjwa wa tumbo, ndiyo maana anaitwa Sikujua.

Mwaka 2011, kwenye mlima wa Kizuka, alimpita mzee mmoja Mfaransa aitwaye Roger, mwalimu mstaafu, mwenye baiskeli ya magurudumu mapana na hana mzigo wowote, naye Kalume akiwa na bidoni zake nne, na huyo mzee alipofika juu alimwomba amwonyeshe njia nyingine za udongo na changarawe ambazo magari hayapiti. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya kuwaongoza wageni, na ndivyo alivyoalikwa Ufaransa, akakaa huko kuanzia tarehe 6 Mei hadi tarehe 24 Juni 2018, akizunguka mashambani kwa baiskeli pamoja na Roger na wenzake.

Aliporudi alitusimulia mwezi mzima. Alisema vilima vya huko vinapanda na kushuka polepole, kama tumbo la mtu aliyelala, njia ni za changarawe nyeupe kati ya ngano na ng'ombe, na kila penye njia panda pana kibao chenye rangi, kijani kwa njia rahisi, bluu kwa ya wastani, nyekundu kwa ngumu. Alitusimulia pia kwamba siku ya tatu, kwenye kilima kimoja, trekta lilimpita likivuta tela la majani, naye kwa mazoea akalishika, wenzake wakaanza kupiga filimbi nyuma yake, na mwenye trekta akasimama, akashuka, akamuuliza kwa upole kama ni mgonjwa. Kalume akamjibu kwamba haumwi, ila kwao mlima hupandwa hivyo.

Alikuja na daftari na penseli tatu za rangi, na tangu hapo alichora njia zetu, kumi na moja kwa jumla, kila moja akiitembea kwanza kwa miguu, akiipita mara mbili kwa baiskeli, ndipo anaipaka rangi. Lakini lazima niseme ukweli, kwa kuwa tupo mbele ya Mungu. Alizipaka rangi kwa miguu yake mwenyewe, miguu iliyobeba mawese miaka kumi na miwili. Wageni wa kwanza aliowapeleka njia ya kijani ya Kizuka, mmoja alilala chini ya michikichi akaomba gari, na Kalume alirudi nyumbani akishangaa, akisema ile njia ni rahisi hata kwa mtoto, mtu hana hata bidoni moja. Nilimwambia abadilishe rangi. Akasema njia haibadiliki kwa sababu mtu amechoka. Nilikuwa na maharage motoni, sikuendelea na ubishi, na jambo hilo nimelijutia wiki hii yote.

Mwezi wa Septemba 2023 alianza kubanwa na kifua, daktari akamkuta na presha, akampa vidonge na kumkataza milima. Vidonge alimeza. Machi hii mvua ilipoporomosha mlima na kufunga barabara ya lami kabla ya Gitaza, hata waenda kwa miguu wakazuiwa, alisema anakwenda kuangalia kama njia yake ya juu, iliyo ya kijani daftarini, bado inapitika, kwa sababu mama yake anakaa Gitaza kwa dada yake, wanakokausha ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alifika nusu tu, kifua kikambana. Hakimu, aliyekuwa naye, alimtafutia pikipiki hadi hospitali, akalazwa siku mbili, na tarehe 13 Machi 2025, saa tisa alasiri, aliaga dunia.

Simu ya Gitaza haikushika. Kwetu mama hazikiwi mwanawe bila kumwona uso, wazee wakasema tusubiri hadi Jumapili. Ijumaa asubuhi niliamka, baiskeli haipo, daftari halipo, Keren hayupo, na Sikujua akanipa ujumbe alioachiwa na dada yake.

"Amesema anamuleta Bibi. Amesema usiogope, njia iko kijani."

Mimi ninayeijua ile kijani niliketi juu ya ndoo. Hakimu alimfuata mara moja, akafika kwenye kijito kikubwa, akaona alama ya baiskeli moja ikiendelea mbele, mnyororo wake ukakatika, akarudi jioni na mnyororo mkononi. Ijumaa ikapita, Jumamosi mchana ukapita. Nilipika kwa ajili ya watu wa msiba, nikaosha vyombo, nikapika tena, na kila aliyeingia langoni nilimtazama mikono kwanza, nione kama anasukuma baiskeli isiyo yake.

Kabla sijamaliza, tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji bila kuitwa, waendesha baiskeli wa Kizuka waliosimamisha kazi siku tatu, mzee Roger aliyelia kwenye simu, na wewe Hakimu, kwa baiskeli mbili ulizosukuma. Murakoze cane.

Jana, tarehe 15, saa kumi na mbili jioni, Keren aliingia langoni akisukuma. Bibi Evangelina alikuwa amekaa nyuma, amefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha baiskeli kama mzigo wa mawese, magoti yote tope, na ndagala amezifunga kwenye ncha ya nguo. Keren alikuwa amechubuka mkono hadi kiwiko. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Ijumaa, badala yake nikamletea maji ya kuosha mkono. Alitoa daftari kifuani na kuniomba penseli nyekundu.

"Mama, ile si kijani. Baba alikosea."

Nikampa penseli. Akapaka ukurasa ule, polepole, juu ya rangi ya baba yake, na Bibi akamshikia daftari lisiteleze.

Kisha nikapakua ugali wa muhogo, maharage, na zile ndagala za Bibi. Nilihesabu waliokaa mkekani, Bibi, Keren, Ayubu, Sikujua, Hakimu na mimi, nikahesabu tena kwa kidole, na hakuna aliyepungua ila wewe, ambaye tunajua uliko. Tumefika wote, Kalume. Sasa pumzika kwa amani.