Historia ya Timotheo Kihwele, Inayosomwa kwa Mara ya Pili

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Kihesa na wageni mliotoka Mbeya na Chunya, familia inawaomba utulivu, kwa sababu historia ya mzee wetu Timotheo Dastan Kihwele inasomwa leo kwa mara ya pili, msomaji ni yuleyule wa mara ya kwanza, yaani mdogo wake, Silvester, na karatasi ni zilezile za tarehe 17 Oktoba 2009, isipokuwa safari hii zimejaa masahihisho ya marehemu mwenyewe, kwa biki nyekundu, juu, chini, pembeni, na mahali pengine katikati ya maneno. Aliyezitunza sandukuni miaka yote hii ni mjane, mama Verediana, na juzi Jumapili alipomkabidhi shemeji yake alisema jambo moja tu, kwamba asome yote, hata ya pembeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kidabaga, wilaya ya Kilolo ya sasa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Dastan Kihwele, na kwa kuwa mwaka 2009 ilisomwa kwamba alizaliwa mwaka 1962, ameandika pembeni kwamba ni aibu watu kumlilia mtu ambaye hata umri wake hawaujui. Ndivyo alivyokuwa, jamani, na wanaomfahamu hawashangai.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya kijijini hapo mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, lakini shule aliyoipenda ilikuwa ya babu yake, mzee Liberatus, aliyewafundisha wajukuu wake wawili, Timotheo na Silvester, kutega kwale, sungura na panya buku kwa kitanzi. Masharti ya babu yalikuwa matatu, na atakayesikiliza historia hii inampasa ayashike: ukitega, funga nyasi mbili fundo pembeni ya njia, nyasi ya kushoto ikiwa juu, ili mpita njia ajue kuna mtego na ndugu yako ajue ni wa kwenu, kukipambazuka, nenda ukakague, hata kama mtego umelala mtupu siku kumi, na usihame mahali bila kuutegua mtego wako na kulifungua fundo lako, kwa sababu mtego ulioachwa unaua bure, na mnyama aliyeuawa bure ni deni kwa Mungu. Siku ya mtihani wa darasa la saba marehemu alifika dakika arobaini baada ya wenzake, miguu imelowa umande, akasema alikuwa na vitanzi viwili hajavitegua, na mwalimu akamchapa, na kesho yake akachelewa tena.

Mwaka 1977 alikwenda Mbeya kujifunza ufundi wa pampu za maji, akahitimu mwaka 1979, na kuanzia hapo alifanya kazi Mbeya, Iringa na hasa Chunya, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu walimpenda kwa sababu pampu iliyoshindikana kwa mafundi watatu yeye aliifufua, ingawa waliomba sana aache kutega panya buku nyuma ya kambi na kuwalazimisha waonje.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Verediana hapa Iringa, na ibada ilichelewa kuanza saa nzima, kisa bwana harusi alikuwa ng'ambo ya mto kule Ipogolo anakagua vitanzi, akaingia kanisani na suti ya kijivu yenye madoa ya majani kwenye magoti. Bibi harusi alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akashusha pumzi, akamshika mkono. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Goodness aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni muuguzi Mbeya, Anord wa mwaka 1992, dereva wa malori, na Yusta wa mwaka 1997, mwalimu.

Sasa tufike pale ambapo kila mtu hapa anadhani anapajua. Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2009 marehemu alitoka Chunya kwa pikipiki kwenda kutengeneza pampu kwenye mgodi mdogo upande wa Makongolosi, pikipiki ikamfia njiani, na badala ya kukaa barabarani angoje gari kama mtu mwenye akili zake, alichomoa kebo za breki, akatia koleo mfukoni, akakata njia ya mkato porini, akapotea. Alipotea siku ishirini na tatu. Maji aliyapata kwa kuchimba mchanga kwenye mito iliyokauka, na chakula alikipata kwa kebo zilezile, alizozichambua nyaya na kufanya vitanzi vitano, akala kwale, kanga, pimbi na panya, na maofisa wanyamapori walioko hapa tunawaomba wasinune, ilikuwa njaa.

Watu wengi wamemsifu kwa hilo, redio ilimhoji, na vijana wa usharika wakamfanya mwalimu wao wa mambo ya pori, lakini familia ilipopiga hesabu ya mwendo wake iliona kwamba mtu anayetembea moja kwa moja angetoka porini siku ya tano. Hee! Siku ishirini na tatu! Sababu ni kwamba kila jioni alitega, kila alfajiri alikagua, akategua, akafungua mafundo, akachoma alichopata, jua likawa kali, akatembea kidogo, akatega tena, na mara moja, asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Oktoba, akiwa amekwisha kutembea saa mbili nzima kuelekea upande sahihi, alikumbuka kwamba ametegua vitanzi vinne tu, akageuka, akarudi porini kuufuata wa tano. Mtu anakufa kwa kiu, anarudi nyuma kwa ajili ya panya wa Mungu! Mkewe alimsema kwa hilo miaka kumi na tano, naye akajibu kila mara kwamba sharti ni sharti.

Huku nyuma, msako ulianza tarehe 6 Oktoba, ukiongozwa na Silvester, pamoja na polisi, wanakijiji na wachimbaji kumi na mmoja, na tarehe 12 Oktoba ulisitishwa, Silvester akarudi Kihesa na kumwambia shemeji yake kwamba hawakuona alama yoyote. Verediana alimuuliza mara tatu, akitaja hata kiatu, hata majivu, hata jani lililokunjwa, na mara zote tatu aliambiwa hakuna. Akavaa nguo nyeusi. Tarehe 17 historia hii ikasomwa, tarehe 24 tanga likaanuliwa na nguo za marehemu zikagawiwa kwa ndugu kama ilivyo desturi, na Jumatatu tarehe 26, saa saba mchana, Timotheo akashuka kwenye basi pale Ipogolo, amekonda kama ufito, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa binamu yake, Masumbuko, ndani ya ile suti ya kijivu. Masumbuko alikimbia, na hadi leo hajasema alikimbilia wapi.

Alipanda hadi nyumbani akakuta mlango wa mbele una kufuli, kwa kuwa Verediana alikuwa amekwenda kurudisha masufuria ya usharika, akazunguka nyuma, na mlango wa nyuma, ambao tangu waoane haukuwahi kutiwa komeo kwa sababu ya saa zake za ovyo za kurudi, siku hiyo ulikuwa na komeo. Hilo komeo alilisema mpaka mwaka huu. Alilisema harusini, alilisema kwenye vikao, na watu, kwa kuwa watu hawakosi neno, wakampa mkewe jina la Mama Haraka, mama aliyemzika mume kabla hajafa, aliyegawa suti kabla haijapoa, na mkijiangalia mlioko hapa, nusu yenu mmelitamka, wengine mbele yake, mkicheka, naye akiwaongezea chai.

Hapo ndipo karatasi ya 2009 inaposema kwamba msako ulifanyika kwa uaminifu bila kupata dalili, na hapo ndipo biki nyekundu imeandika mistari minne, ambayo msomaji aliiona kwa mara ya kwanza Jumapili, na ameagizwa aisome, basi anaisoma kama ilivyo: "Si kweli. Silvester, fundo langu ulilikuta. Nilikuta alama ya soli ya buti lako yenye kiraka cha tairi, nyasi bado zinainuka. Ungekaa nusu saa tu. Lakini nimeshafika nyumbani, usimwambie Vere, atakuchukia."

Ni kweli tupu. Jumapili ile ya tarehe 11, saa nne hivi asubuhi, Silvester aliliona fundo, nyasi mbili, ya kushoto juu, na alilitambua pale pale, na mtu aliyefundishwa na babu Liberatus hahitaji kuambiwa kwamba fundo ambalo halijafunguliwa lina mtego ambao haujateguliwa, na mtego ambao haujateguliwa mwenyewe atarudi, hata awe anakufa, atarudi. Kazi yake ilikuwa kukaa chini. Lakini maji yalikuwa yamekwisha, wenzake walinung'unika, mwenye gari la kuazima alikuwa akipiga honi, na Silvester akajiambia kwamba hao ni wawindaji wa huko, kwamba nyasi hujifunga ovyo, akajiambia kila uongo ambao mtu aliyechoka hujiambia, akaondoka, na alipofika Kihesa akaona aibu kusema aliona kitu akakiacha, akasema hakuona kitu.

Kwa hiyo aliyekuwa na haraka si Verediana. Aliuliza mara tatu. Mwenye haraka ni huyu anayesoma, na aliyejua ni huyu aliyelala hapa, ambaye, Mungu amsamehe na sisi tumsamehe kwa shida, alimlinda mdogo wake asichukiwe na akamwacha mke wake achekwe, akashirikiana na wachekaji, komeo, komeo, miaka kumi na tano, kana kwamba mkaidi huyu mwenye masharti matatu hakufikiria hata mara moja kwamba kitanzi hiki naye alipaswa kukitegua. Mjane aliisoma mistari hii lini, hajasema, na shemeji yake hajathubutu kuuliza. Shemeji, mama Goodness, mbele ya watu hawa wote, Silvester anakuomba radhi, na jina lile la Mama Haraka lisisikike tena mtaa huu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, na tarehe 6 Mei 2025 alilazwa hospitalini Mbeya, ambako hata mirija ikiwa puani alimpigia Anord simu kila siku saa kumi na moja alfajiri kumuuliza kama amekagua mitego yake sita nyuma ya nyumba, naye Anord, kama lori lake halimo barabarani, alikuwa kitandani na akasema amekagua. Ndugu walimwomba Verediana arudi Kihesa apumzike, wakapanga zamu, wakamtafutia na nauli, akakataa kila mara, akisema aliwahi kumwacha mtu huyu kwa maneno ya watu, mara hii ataangalia mwenyewe. Kila kukipambazuka alikuwa pembeni ya kitanda, anamgusa paji, anamgusa miguu, na Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa tatu asubuhi, ni yeye aliyemwambia daktari, na si daktari aliyemwambia yeye. Hata leo jeneza lilipofika aliomba lifunguliwe, akatazama kwa muda wake, akainyoosha kola ya ile suti ya kijivu, ambayo Masumbuko aliirudisha ikiwa imefuliwa, kisha ndipo akasema sawa, funikeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya waliovumilia maswali yake na maagizo yake, wachimbaji wa Chunya mliokuja na lori zima, mzee Burhanuddin aliyemuuzia waya dukani kwake miaka yote na kila mara kumuuliza mwisho wa waya huu ni lini, majirani ambao kuku wenu wamewahi kulala kitanzini na mkakubali samahani, na Masumbuko kwa suti.

Kaka Timotheo, umri wako umesomwa sawasawa, ya pembeni yamesomwa, na mitego yako sita imeteguliwa leo kulipopambazuka, mafundo yakafunguliwa moja moja, na kwenye la mwisho Silvester aliketi chini nusu saa. Pumzika kwa amani.