Mpaka Ulionisubiri Ludara

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Sitataja jina la mtu.

Niliacha shule mapema. Nimepakia mizigo Koboko, nimechoma matofali Manibe, nikaishia Arua mjini, mlinzi wa chumba cha michezo ya kompyuta. Humo nikakutana na mchezo wa kujenga himaya. Unapewa nchi ndogo ya zamani, unaozesha watoto wa wafalme, unapigana, ramani inageuka rangi yako. Ndugu zangu, nawaambia, nilijifunza humo falme ambazo mwalimu hakuwahi kunitajia. Hilo silijutii. Lakini nilihamia humo. Baba alipofariki nilimzika, nikarudi kwenye kiti changu.

Kwetu Ludara, mwenye shamba akifa, ukoo na majirani huutembea mpaka pamoja, mrithi akitangulia. Asipotokea, hana tena neno juu ya mpaka huo. Siku yetu niliijua. Nikasema nimalize vita kwanza.

Shangazi akapiga simu. "Wewe iko wapi? Watu yote iko hapa."

Nikamwambia niko njiani.

"Njia gani hiyo iko na kelele ya mizinga?" Akakata.

Kwenye kioo cha kompyuta, mfalme jirani akafa bila mrithi. Nafasi hiyo nilikuwa nimeisubiri sana. Nikaingiza majeshi, wala hakuna aliyenizuia. Nikaitazama nchi ile ikimezwa, nikamwona akilini mama yangu, mpakani bila mrithi. Nikaacha kucheza. Mwenye chumba akauliza kuna nini, nikamweleza. Akazima mashine mwenyewe, akaniitia boda.

"Nenda. Huyo mfalme ilikufa zamani. Mama yako iko hai."

Nilimkuta mama ameketi chini kwenye kona ya shamba, amekataa watu waendelee bila mimi. Na jirani tunayepakana naye, ambaye njia nzima nilikuwa nikimpangia vita nikidhani atatumeza shamba, alikuwa amesimama kando yake na mwavuli, akimkinga jua. Mimi mrithi sikujua hata pa kuanzia. Jirani akainama, akafunua nyasi, akanionyesha isale, mmea wa kuonyesha mpaka, ambao baba yake na baba yangu waliupanda pamoja.

"Baba yako ilisimama hapa," akasema. "Simama."

Nikasimama. Nililia mbele ya watu, sioni aibu kusema.

Namshukuru mama aliyekaa juani. Namshukuru mwenye chumba, na shangazi, na jirani yule. Mihogo yetu na yake sasa inagusana mpakani. Mchezo bado naupenda. Ila nawaomba, mkitoka hapa, mwenye shamba kwao aende akautembee mpaka wake, wakati wanaoujua wangali hai.