Nilimkimbia Mwanangu kwa Sababu ya Deni

Asifiwe Bwana, anayemtafuta hata baba aliyejificha! Ndugu zangu, mimi ni Baba Minza, nafyatua matofali pale Kisesa. Kwa miaka mitatu nilikuwa na mtoto lakini sikuwa naye.

Mimi na mama Minza tuliachana binti yetu akiwa darasa la kwanza. Mahakama iliamua abaki na mama yake Buzuruga, mimi nitoe matunzo kila mwezi. Mwanzoni nilitoa. Kisha mvua ikaharibu matofali yangu mabichi, kazi ikalala, nikaruka mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Badala ya kwenda kusema, "Mama Minza, nimekwama," nilinyamaza. Deni likakua, na aibu ikakua nalo. Nikipita Buzuruga nilishusha kofia usoni nisije nikakutana nao.

Lakini ndugu zangu, damu ni damu! Nilitamani kumwona mwanangu mpaka chakula kikawa hakipiti. Mtoto wa jirani akiita "Baba!" niliitika kabla sijakumbuka. Siku moja nilisimama ng'ambo ya shule yao wakati wa kutoka. Wakatoka wasichana wengi wenye sweta za kijani, nikawatazama mmoja mmoja. Sikumjua wangu ni yupi! Nilirudi Kisesa nikilia kwenye gari mbele za watu.

Hatimaye mama Minza alidai malimbikizo, tukaitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Nikaenda na uongo wangu: kwamba nilimtumia mpunga magunia sita kutoka shambani kwangu Magu, yahesabiwe kwenye deni. Yeye akasema hajapokea hata kilo moja. Tukabishana, kikao kikaahirishwa. Tukaitwa tena, tukabishana tena.

Kabla ya mara ya tatu nilipiga magoti. Sikuomba kushinda. Nilisema tu, "Bwana, nataka kumwona Minza. Mengine yote chukua."

Siku ile afisa, mama mmoja mtaratibu, akaniuliza, "Baba Minza, magunia yalikuwa mangapi?"

Mdomo ulikuwa umeshaandaa sita. Nikasikia nasema, "Mawili, mama. Manne nilidanganya."

Mama Minza akajifuta uso kwa kitenge chake. "Hayo mawili nilipokea," akasema. "Nilikana kwa hasira. Mtoto alikuwa ananiuliza kila siku baba yuko wapi."

Haleluya! Ubishi wote ule ukaisha hapo hapo. Magunia mawili yakatolewa kwenye deni, na kilichobaki tukakubaliana nilipe kidogo kidogo, pamoja na matunzo ya kila mwezi. Na kila Jumamosi nimwone mtoto.

Jumamosi ya kwanza Minza alitoka mlangoni, mrefu, meno ya mbele niliyoyaacha mapengo yameshaota. Akapiga goti kama anavyomwamkia mgeni. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa mwisho kabisa wa benchi. Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba alinikimbilia. Hakunikimbilia! Namlilia mwanangu hata akiwa mbele ya macho yangu, maana kuna Minza wa miaka saba na Minza wa miaka minane ambao sikuwaona, na sitawaona tena.

Wiki iliyopita nikiaga, aliniuliza, "Utakuja tena?"

"Nitakuja, mama."

"Hata zamani ulisema hivyo."

Neno lile lilinichoma, lakini nalishukuru! Alinisemesha mwenyewe, kwa sauti yake, akinitazama usoni. Mungu amenipa hata hilo, nami sikustahili.

Baba uliyeketi hapa leo, unayemkwepa mwanao kwa sababu mfuko ni mtupu, nakusihi: usingoje deni liishe ndipo uende. Nenda na ukweli ulio nao, hata kama ni mdogo. Mtegemee Bwana, atakutangulia kwenye mlango huo unaouogopa. Na mniombee na mimi. Jumamosi hii natoka Kisesa asubuhi na mapema.