Jiwe la Tatu la Jilala

Jiwe la kwanza lilikuwa limeshalala chini. La pili Jilala alilisukuma kwa goti mpaka likakaa sawa kando ya mwenzake. La tatu lilikuwa bado kapuni. Akalishika, akaliachia. Jua la saa nane lilikuwa kali, lakini yeye alisikia baridi ya homa.

"Baba, acha niweke mimi," alisema binti yake, Scolastika.

"Hapana, mwanangu. Hili ni langu. Tutamalizia kesho."

Wasikilizaji wapendwa, hapo palikuwa njia panda ndani ya pori, mwendo wa nusu siku kabla ya Masumbwe. Mtu huyo ndiye tunayemkumbuka leo: Jilala Mihayo wa Didia, aliyefariki mwezi uliopita, Agosti 1957. Jilala aliyefunga njia. Wengi wenu mliokwenda kwa miguu kutoka Shinyanga hadi machimbo ya Geita mmepita penye mawe yake bila kujua ni ya nani.

Wasafiri wa kule wana desturi yao. Anayetangulia akifika njia panda huvunja tawi bichi, akalilaza juu ya njia isiyo yenyewe. Wa nyuma akiliona anajua: huku hawakupita.

Ndivyo Jilala alivyofanya mwaka 1946, alipoongoza watu sita kutoka Didia. Walilala Tinde, wakanunua chumvi Kahama, wakaingia porini. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Nyamizi. Alikuwa akimpelekea mumewe, Bujiku, mchimbaji wa Geita, mzigo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Walipokaribia njia panda ile, Nyamizi alichomwa na mwiba mguuni. Akaketi kivulini autoe.

"Tangulia, kaka," alisema. "Nitafuata tawi lako."

Jilala alisita. Lakini walikuwa wamembeba kwa machela mwenzao aliyeugua njiani, na maji yalikuwa yamewaishia. Akatangulia. Penye njia panda alikata tawi lenye majani mengi, akalilaza, akaenda.

Jioni, wakiwa Masumbwe, aliingia mchuuzi akiswaga mbuzi. Alikuwa ametokea njia ya mkato iliyoingia yao penye njia panda.

"Umempita mwanamke mwenye mzigo?" Jilala alimuuliza.

"Sijaona mtu. Mbuzi walipumzika pale njia panda, wakapata majani kidogo, tukaja..."

Jilala hakungoja amalize. Alirudi mbio. Tawi alilikuta limesukumwa pembeni, kijiti kitupu. Majani yote yameliwa. Njia zote mbili zimejaa kwato.

Walimtafuta Nyamizi siku nne. Siku ya nne walimpata mbali ndani ya ile njia isiyo yenyewe, naye alikuwa amekwisha kufa. Kibuyu chake kilikuwa kikavu. Mzigo wa michembe ulikuwa umefungwa vilevile, kamba haijaguswa.

Bujiku ametuandikia hivi: "Nilimwambia, shemeji, ni mbuzi. Akanijibu, mimi nimechunga mbuzi tangu utoto. Nilijua wanakula nini."

Wasikilizaji wapendwa, jani huliwa. Jiwe haliliwi. Kuanzia mwaka uliofuata, kila kiangazi, pamba ikishavunwa, Jilala alitoka Didia na kapu la mawe. Mawe matatu kwa kila njia ya upotevu. Shule hakwenda. Njia panda alizihesabu kwa mafundo ya kamba, arobaini na moja, na kila aliyoifunga alifungua fundo lake.

Rafiki yake Pantaleo, aliyeongoza wasafiri kwa malipo, alikuwa akimtania: "Ngosha, kwa mawe haya hata fisi watafika Geita bila kuuliza!"

"Waache wafike," Jilala alijibu. "Watakupokonya kazi yako."

Mafundo arobaini yalifunguka. Moja lilibaki miaka na miaka. Lilikuwa la njia panda ile ya Nyamizi. Pale aliweka miiba mikavu, kila mwaka miiba mipya, mpaka mtu asingeweza kupita. Lakini mawe hakuweka. Scolastika alipomuuliza sababu, aliendelea kupanga miiba.

"Miiba mtu huiondoa," alisema. "Nikiweka mawe, shangazi yako atatokea wapi?"

Mwaka huu alisema amechoka kumngoja. Akabeba mawe matatu. Akaweka mawili, la tatu akarudi nalo kapuni. Usiku wa pili homa ilimchukua, akiwa kwa mwenyeji wake Masumbwe.

Kwa mjane wake, Mama Scolastika, kwa Scolastika mwenyewe, kwa Bujiku na ukoo wote wa Didia, tunasema poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tunapotangulia, tugeuke. Tumtazame aliye nyuma kabisa, tujue anafuata nini.

Barua ya Scolastika imetufikia. Anasema baada ya matanga yeye na Bujiku walilibeba lile jiwe la tatu mpaka njia panda. Walifika jua likiwa bado juu. Walilitua kando ya njia, mbali kidogo na yale mawili, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Fundo la mwisho lilikuwa bado kwenye kamba.

"Leo tukae nao kidogo, mwanangu," Bujiku alisema. "Tutaliweka kesho."